Mama Yangu Yu Hai Adjumani, Kaburi Lake Liko Uani Kwangu

Haboba Keji, bibi yetu sote wa ukurasa huu, nakuomba unisaidie na usinicheke. Majina yote humu nimeyabadilisha, hata la kwangu, kwa sababu nikijulikana mtaani sitaweza tena kwenda kuteka maji na watu.

Niite Loro. Nina miaka thelathini na miwili, ni fundi wa jenereta pale soko la Custom, kazi niliyojifunza Arua kwa Waganda, na Kiswahili changu ni cha hukohuko, utanisamehe. Mama yangu, Natalina, alinitoa Juba mwaka 1990 nikiwa na miaka mitano, nikichoka ananibeba, akichoka tunakaa, mpaka tukaingia Uganda, na toka hapo mama hajarudi. Baba yangu Severino alifia huko na amezikwa huko Adjumani. Mama amelima ufuta wa watu, ameuza nyanya, amenisomesha, na kila Krismasi alikuwa anasema hii ndiyo ya mwisho hapa, ijayo tutakula kwetu.

Amani ilipokuja wenzake walipanda malori wakarudi, yeye akanitanguliza mimi mwaka 2007, akasema nenda utazame kiwanja chetu pale Hai Malakal, ukikikuta niite, nami nikakikuta, lakini sikumwita, nikamwambia mama subiri nijenge kwanza, huwezi kulala chini ya turubai, mwaka uliofuata nikamwambia subiri niweke mabati, uliofuata subiri nichimbe choo, kisha nikamwoa Betty, kisha watoto, kisha ikaja Desemba ya 2013 na risasi zake, na hapo sikuhitaji tena kutafuta sababu.

Julai ya mwaka jana vita viliporudi Juba, ulivyoona mwenyewe, mtaa wetu ulimwagika. Betty akachukua watoto akavuka kwenda kwa mama. Mimi nikabaki na kiwanja, kwa maana unajua Juba ya sasa, mtu akitoka kwenye ua wake wiki moja, akirudi anakuta nguo za mtu mwingine zimeanikwa. Kwenye mstari wetu nyumba tatu zimechukuliwa hivyo.

Mwezi wa nane wakaja wanaume watatu na gari lisilo na namba, mmoja amebeba bunduki begani kama mtu aliyebeba mwavuli, wakauliza, "Bet ta munu?" Nyumba ya nani. Nikasema yangu. Wakacheka. Nikatoa hati, yenye jina la baba na la mama, yule mkubwa wao akaishika juu chini, akanirudishia. "Karatasi hata mimi naweza kuandika," akasema. "Tutarudi."

Kisha wakaingia kwa jirani yangu Fortunato, ambaye alikuwa amekimbia. Nikajua hiyo nayo imekwenda. Lakini haikupita muda wakatoka, yule mkubwa ameshika kofia mkononi, anawagombeza wenzake, "Kwa nini hamkuniambia kuna watu wamelala humu ndani?" Kwa sababu Fortunato aliwazika baba yake na mama yake uani, kama wazee wetu wanavyozikwa kwao, na hata mwenye bunduki hataki kuweka kitanda chake karibu na wazazi wa mtu.

Sisi uani kwetu hatuna mtu. Nikafikiri siku mbili. Siku ya tatu, Gune, mama wa nyumba ya pili, akiwa bado amejihifadhi kanisani na watoto wake, na mstari wetu mzima hauna wa kuniona, nikanunua saruji, nikachimba kidogo tu, nikapandisha udongo, nikausiriba, nikachomelea msalaba kwa vyuma vya jenereta mbovu. Likabaki jina. La baba halifai, kanisa zima linajua alikozikwa. La watoto wangu mkono ulikataa. Nikakumbuka kwamba mama hajaonekana Juba miaka ishirini na sita, na kwenye hati jina lake lipo. Saruji ikiwa bado mbichi nikachukua msumari nikaandika Natalina, 1946, 2016. Nilijiambia hii nayo ni hati tu, hati ya saruji.

Haboba, sikufikiria watu. Gune aliporudi akauona msalaba akapiga yowe, na kabla sijafungua mdomo kina mama wa kanisa walikuwa wamejaa uani na mikeka yao. Walikaa siku tatu. Walilia. Gune alileta unga aliokuwa amewafichia watoto wake. Katekista Cirillo akaniuliza taratibu, "Mwili umefikaje, na barabara imefungwa?" nikamwambia ulikuja kwa ndege, na akaniamini, akanyunyiza maji ya baraka. Walifanya karama, ile chakula ya kumwombea marehemu, nami nikapewa sahani ya kwanza, nikala, nimekula karama ya mama yangu ambaye jioni ileile alinipigia simu kuniuliza kama nimepona mafua.

Na wale wanaume walirudi kweli. Wakaona kaburi. Wakavua kofia, wakaondoka, mpaka leo hawajaonekana. Hilo ndilo linaloniumiza, kwamba ilifaa.

Sasa mama anasema anarudi. Alipiga wiki iliyopita.

"Loro, baada ya Pasaka nakuja."

"Mama, barabara ya Nimule wanachoma mabasi."

"Barabara hiyo nilipita na wewe mgongoni haina lami. Nani kakwambia naogopa lami?"

"Mama, huku unga hakuna."

"Na huku nakula unga wa nani? Wa kupimiwa na kikombe. Kuku nimeshagawa, jembe nimempa Betty. Nina miaka sabini na mmoja, mimi nitazikwa kwangu, si nyuma ya hema lenye namba."

Aliposema nitazikwa kwangu, nilikuwa nimesimama uani, nasoma jina lake.

Haboba, nimwambie abaki Uganda kwa sababu ya vita? Vita ni kweli, sidanganyi, lakini nikimwambia hivyo nasikia sauti yangu ni ya mwizi. Nivunje kaburi ili arudi, kisha nipoteze kiwanja na majirani kwa siku moja? Au nikimbie mimi kwenda kwake, kama Betty anavyotaka, niache kaburi lilinde nyumba, na mama asijue mpaka mwisho? Pasaka imebaki wiki nne. Nijibu upesi.

Ni mimi Loro, Hai Malakal.


HABOBA KEJI ANAJIBU

Wewe Loro.

Mimi sikusoma, wanaonifuata hapa wanajua. Barua ananisomea Lomoro, mhariri wa gazeti hili, na ninayosema anayaandika hivihivi, akipunguza matusi. Yako kanisomea mara mbili. Mara ya kwanza alipofika kwenye msumari nilimwambia nyamaza, nikatoka nje, nikaipiga teke sufuria ambayo haikunikosea kitu. Mguu umevimba. Huo uvimbe ni wako, nitakutumia.

Nina miaka sabini na mitatu. Mimi na mama yako ni wa rika moja, kwa hiyo usitegemee hapa nitakaa katikati. Niko upande wa Natalina.

Tuanze na hao wenye gari lisilo na namba, maana hasira yangu ni nyingi na wewe huwezi kuimaliza peke yako. Hati wanaishika juu chini. Mwenye nyumba akisimama mbele yao wanamcheka. Lakini kaburi wanalivulia kofia! Laiti wangetuvulia kofia sisi tukiwa tunapumua, mama yako asingeuza nyanya Adjumani miaka ishirini na saba. Mtoto wa Juba amefika mahali pa kuwaza, nimuue nani katika watu wangu ili nyumba ipone? Hilo si lako peke yako, na waliotufikisha hapa wana nyumba nzuri na watoto wao hawajui mlio wa risasi. Lomoro, hilo usilipunguze.

Sasa wewe.

Kwa saruji sikukasirikii sana. Ulikuwa peke yako, uliogopa, mtu aliyeogopa anaweza kufanya upuuzi. Ungetoka mbio kwenye upuuzi huo Gune alipopiga yowe lile la kwanza. Ungesema, "Mama Gune, nyamaza, ni uongo, njoo nikwambie." Maneno mangapi hayo? Ulinyamaza siku tatu. Mwanamke ametoka kulala sakafu ya kanisa na watoto, mwaka huu ambao unga unatafutwa kama dawa, anautoa anakupikia wewe, na wewe unaupokea sahani ya kwanza! Ulipata wapi koo la kumezea? Ukamfanya na katekista anyunyizie maji ya baraka udongo mtupu. Unajua Cirillo anavyoyapata maji hayo? Anatembea nayo kwenye chupa ya soda kutoka parokiani, na goti lake bovu. Mtu huyo namfahamu hata kama umembadilisha jina.

Na hilo bado si kubwa.

Kubwa ni kwamba ulianza kumzika mama yako zamani, kabla hujanunua saruji. Subiri nijenge. Subiri mabati. Subiri choo. Choo, Loro! Mwanamke amekaa kambini miongo miwili na kitu, unafikiri anaogopa kichaka? Miaka ile sita barabara ilikuwa nzuri, mabasi yanapita, watu wanarudi na vitanda vyao juu ya magari, na wewe ukamweka kule kama mtu anavyoweka nguo ya sherehe kwenye sanduku. Yule mwenye bunduki alikupa sababu ya kuandika jina. Mahali pa kuliandika ulikuwa umeshapatayarisha wewe.

Mimi mwanangu alinifanyia hivyohivyo. Nilikaa Koboko miaka kumi na tisa. Kila nikisema nakuja anasema, "Mama, subiri kidogo." Siku moja nikapanda juu ya lori la vitunguu, sikumwambia mtu, nikafika nanuka kama mchuzi, nikamkuta hana hata kiti, akalia kwa aibu. Nikamwambia, "Mpumbavu, mimi nimekuja kuona kiti?" Tukalala chini wote wawili. Nilikuwa na furaha, sitasema uongo.

Na pia sitasema uongo kwamba nyumbani ni pazuri. Julai nililala chini ya kitanda siku nne, nikikojoa kwenye jagi, mzee kama mimi, huku nasikia watu wanaitana nje na wengine hawaitiki tena. Siku ya tatu niliwakumbuka wenzangu waliobaki Koboko, nikawaonea wivu. Wao walichagua kubaki. Wana mihogo yao, wana wajukuu, wamezoea. Sijawahi kumwita hata mmoja mwoga, na atakayewaita waoga mbele yangu nitamwonyesha mguu huu uliobaki. Mimi nilichagua kuja. Lakini kila mmoja wetu alijua anachagua nini. Mama yako hajui. Anagawa kuku wake akiamini mwanawe anamsubiri na nyumba, kumbe anasubiriwa na msalaba.

Kwa hiyo unaponiuliza umwambie arudi au abaki, jibu langu ni kwamba hujaulizwa wewe. Ni miguu yake, na ni miaka yake iliyobaki. Wewe kazi yako ni kumpa ukweli wote, kisha ufunge mdomo.

Mpigie mwenyewe. Usimpitishie Betty, usimtumie maandishi, na usiseme Kiswahili. Sema naye Kibari, lugha aliyokulea nayo, ili usipate pa kujificha. Anza na kaburi. Usianze na barabara, usianze na unga, atajua unazunguka. Mwambie, mama, nimeandika jina lako juu ya kaburi na watu wamekulilia. Akilia, subiri. Akitukana, sema ndiyo mama. Akikata simu, piga tena, na akikata mara kumi, piga ya kumi na moja. Ndipo umweleze Juba ilivyo: nani amekimbia kwenye mstari wenu, nani amekufa kweli, mabasi mangapi yamechomwa, unga unapatikanaje. Usipunguze wala usiongeze chumvi. Halafu muulize anataka nini.

Akisema nabaki, basi wewe nenda kwake. Na ukifika usikae na begi limefungwa karibu na mlango miaka mingine ishirini. Mlimie. Mtengenezee nyumba ya kuta. Usiwafundishe watoto wako kwamba pale wanapolala hapahesabiki.

Akisema narudi, hatarudi peke yake. Utakwenda Adjumani kumchukua, mtapanda basi moja, na wewe utakaa dirishani upande wa msitu, yeye ndani. Kama kiti hicho kinakutetemesha, vizuri, sasa barabara ni mbaya kweli, si kisingizio, na hilo utamwambia ukimtazama usoni kabla hamjapanda. Mwanamke aliyekubeba mpaka Uganda atakuelewa. Pengine atasema tungoje mvua zipite. Lakini atakuwa amesema yeye.

Ukishaongea na mama, nenda kwa Gune. Piga hodi, usikae mpaka akukalishe. Mwambie. Akikupiga na mwiko, umestahili. Kisha Cirillo. Kisha waite kina mama wote waliokaa mikekani siku tatu, waje mchana, na jina lile ulifute kwa nyundo mbele yao, kwa mkono wako uleule wa msumari. Siku hiyo utawapikia wewe, unasikia? Usitafute binti wa kukupikia. Ukoroge, moshi ukuingie machoni, uwape sahani wao kwanza, na wewe ule kama kitabaki.

Najua unauliza, na kiwanja? Sikiliza. Kuna watu wangapi kanisani bado wanalala chini tangu Julai? Mtafute mjane mwenye watoto wengi, wenye kelele, wenye kulia na kuanika nguo. Mpe vyumba. Mkubaliane mbele ya chifu wa mtaa, Gune na Cirillo wakiwa mashahidi, kwamba ni mgeni wenu na kiwanja ni cha Natalina. Ua wenye watoto saba na moshi wa jikoni hauingiliki kirahisi kama ule wa kijana mmoja aliyejifungia na siri. Na wale watu wakija bado, na bunduki, wakisema tokeni, mtoke. Mtoke wote, msibishane. Nyumba nyingine mtajenga au hamtajenga, lakini nisisikie mtu amekufa kwa ajili ya mabati. Kaburi la kweli katika ua ule sitaki kulisikia.

Umenikasirisha kuliko barua zote za mwaka huu, mwanangu, na ndiyo maana nimesema mengi. Najua umekonda. Mtu anayefungua mlango kila asubuhi akasoma jina la mama yake hivyo hawezi kunenepa. Ukishamaliza kwa Gune, njoo kwangu, nyuma ya soko la Konyo Konyo, uliza Haboba Keji yeyote atakuonyesha. Nitakupa chakula, nitakugombeza tena kidogo, kisha utalala.

Lakini simu kwanza, na iwe leo. Gazeti hili linapakiwa Custom kila Ijumaa linavuka mpaka pale Nimule, na kule Adjumani wapo wanaosoma kwa sauti ili wasiojua kusoma wasikie. Majina umeyabadilisha, lakini mwanamke aliyegawa kuku wake ili arudi Hai Malakal atajijua. Mpigie kabla hajasomewa.